Kipimo Kimoja kwa Kila Mwombaji

Liko swali moja ambalo twataka kulifikiri pamoja na wasomaji wetu mwezi huu, maana lawahusu walimu na wanafunzi, tena lawahusu wazazi wanaowasomesha watoto wao kwa taabu. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza, akaomba kuingia chuo kikuu ili apate elimu ya juu zaidi, akakataliwa, je, yaweza kusemwa kwamba amedhulumiwa? Na kama yaweza kusemwa, amedhulumiwa kitu gani?

Swali hili laonekana jepesi, walakini si jepesi. Nafasi za masomo ya namna hiyo ni chache kila mahali. Profesa mmoja hawezi kuwaongoza watu mia katika uchunguzi wao. Huenda akawaweza watano au sita. Waombaji mia wakija, na nafasi zikiwa kumi, tisini hawana budi kurudi mikono mitupu, hata kama wote wana akili na bidii. Hao tisini hawakunyang'anywa mali yao, kwa kuwa nafasi haikuwa mali yao kamwe, na mtu haibiwi kitu asichokuwa nacho. Basi wako wasemao ya kuwa katika jambo hili hapana haki wala dhuluma, ila bahati tu. Aliyepata ashukuru, na aliyekosa anyamaze.

Sisi hatukubali maneno hayo. Tutaeleza sababu zetu kwa kutumia mambo yaliyotokea kweli, hasa katika nchi ya Marekani, ambako mashauri ya namna hii yaliletwa mbele ya mahakama, yakaandikwa, na hata leo kila apendaye aweza kuyasoma.

Kwanza tuangalie mfano wa dukani. Mwenye duka ana gunia moja la mchele, na wanunuzi ni wengi. Anayefika mchele umekwisha hana neno la kumlaumu mwenye duka. Lakini mwenye duka akiwa na vibaba viwili chini ya meza, kimoja cha kuwapimia rafiki zake na kimoja kilichobonyezwa cha kuwapimia wengine, hapo kila mtu atasema kwamba ni dhuluma. Mnunuzi hana haki ya kudai mchele uliokwisha, ila ana haki ya kudai kibaba kile kile alichopimiwa mwenziwe. Ndivyo ilivyo kwa mwombaji wa chuo. Hawezi kudai nafasi. Lakini aweza kudai kipimo. Akipimwa kwa haki akaonekana kupungukiwa, amekosa bahati. Akipimwa kwa kipimo cha hila, au asipopimwa kabisa, amedhulumiwa, ijapokuwa nafasi ni moja tu na waombaji ni elfu.

Tena tukumbuke jinsi hali ya mwombaji ilivyo dhaifu. Hawi mbele ya halmashauri inapokutana kumchagua au kumwacha. Hajui lililosemwa juu yake, wala hajui nani alilisema. Wahenga walinena, "Asiyekuwapo na lake halipo," na hapana mahali ambapo maneno haya ni ya kweli zaidi kuliko mezani pa halmashauri hiyo. Mtu ameweka hapo miaka kumi na sita au zaidi ya kusoma kwake, na fedha za wazazi wake, na matumaini ya ndugu zake, na yote haya yamo katika karatasi chache ambazo huenda mtu akazisoma vema, au akazifunua haraka haraka, au asizifunue.

Na wako ambao karatasi zao hazikufunuliwa. Tumtaje mmoja, Pauli Murray, mwanamke Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Baltimore mwaka wa 1910 akalelewa mjini Durham, katika jimbo la North Carolina. Mwaka wa 1938 aliomba kuingia masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Alikataliwa kwa sababu moja, nayo ni rangi ya ngozi yake. Hakukata tamaa, alikwenda Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa watu weusi, akasoma sheria. Mwaka wa 1944 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, akapewa na msaada wa fedha aendelee mbele. Akaomba kuingia shule ya sheria ya Harvard. Jibu lililokuja safari hii halikutaja rangi. Lilisema kwamba shule hiyo haiwapokei wanawake. Hata Rais Franklin Roosevelt aliandika barua kwa ajili yake, lakini mlango haukufunguka. Shule hiyo ilianza kuwapokea wanawake mwaka wa 1950.

Wasomaji na waone ajabu ya mambo haya. Chuo kimoja kiliangalia ngozi, chuo cha pili kiliangalia uke, wala hapana hata kimoja kilichouliza, "Mtu huyu ana akili gani? Ataweza kazi hii au hataiweza?" Twasema kwamba Pauli Murray hakupimwa akaonekana mwepesi. Hakutiwa katika mizani kabisa. Na mizani ya vyuo vingine ilipompima, ilionyesha uzito wake: alipata shahada ya pili ya sheria huko Berkeley, California, mwaka wa 1945, akafundisha sheria nchini Ghana mwaka wa 1960 na 1961, akapata udaktari wa sheria katika chuo cha Yale mwaka wa 1965, na mwaka wa 2017 chuo hicho kikafungua nyumba mpya ya wanafunzi yenye jina lake. Walakini tusidanganyike na mwisho huo mwema. Dhuluma haikuwa dhuluma kwa sababu alikuwa mtu mkubwa. Hata kama angalikuwa mwanafunzi wa kadiri tu, ambaye halmashauri yenye haki ingalimwacha, hata hivyo angalikuwa amedhulumiwa kwa kukataliwa kabla ya kupimwa. "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."

Huenda mtu akajibu, "Chuo ni kama nyumba. Mwenye nyumba humkaribisha amtakaye na kumwacha asiyemtaka, wala haulizwi." Jibu hili lina nguvu kidogo, hasa kwa vyuo visivyokuwa vya serikali. Lakini sisi twaona kwamba chuo kikuu hakifanani na nyumba. Kinafanana zaidi na kivuko. Ukikataliwa nyumbani kwangu, waweza kulala kwingine, na kesho waendelea na safari yako. Lakini mwenye mtumbwi wa kuvushia watu, akiwa ng'ambo ndiko liliko soko na hospitali na baraza, hawezi kusema, "Mtumbwi ni wangu, namvusha nimpendaye." Watu wa pande zote mbili humtegemea. Vivyo hivyo hapana awezaye kuwa profesa, au mwanasheria, au daktari wa watu, asipopita katika vyuo hivi. Waliopewa kulinda mlango wamepewa amana, na mwenye amana huulizwa. Na chuo kikiwa cha serikali, kilichojengwa kwa kodi ya watu wote, kama kile cha North Carolina, jibu la mwenye nyumba halina hata nguvu ile kidogo.

Wengine walitafuta jibu jingine, lililoonekana kuwa la ukarimu. Mwaka wa 1935 kijana mmoja mweusi jina lake Lloyd Gaines alipata shahada yake katika chuo cha Lincoln, jimboni Missouri, akaomba kuingia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Missouri. Alikataliwa kwa sababu ya rangi, lakini aliambiwa ya kuwa jimbo litamlipia ada akasome katika jimbo jingine linalowapokea watu weusi. Gaines alikataa, na wakili wake, Charles Houston, akalifikisha shauri lake hata Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 12 Desemba 1938 mahakama iliamua kwamba jimbo halitimizi wajibu wake kwa kumpeleka raia wake akatafute kwingine haki ambayo wenzake wanaipata nyumbani. Watu wa jimbo walikuwa wametaja pia uchache wa watu weusi waliotaka kusoma sheria. Mahakama ikajibu kwamba haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, wala haingojei mpaka watu wawe wengi.

Neno hili latufaa sana. Mara nyingi wakubwa husema, "Huyu ni mmoja tu, tukivuruga utaratibu kwa ajili ya mmoja, tutafika wapi?" Lakini anayedhulumiwa siku zote ni mmoja. Watu elfu wakidhulumiwa, kila mmoja huibeba dhuluma yake peke yake, katika maisha yake ya pekee. Gaines mwenyewe hakuingia katika shule ile. Mwezi wa Machi 1939, akiwa Chicago, alitoka katika nyumba alimokaa, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Mwaka wa 2006 Chuo Kikuu cha Missouri kilimpa shahada ya sheria ya heshima. Chuo kilifanya vema. Lakini haki iliyocheleweshwa miaka sabini yaingia mikononi mwa nani?

Baada ya uamuzi huo majimbo mengine yaligeukia njia ya kuwajengea watu weusi shule za mbali. Heman Sweatt, mchukuzi wa barua za posta mjini Houston, aliomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas mwaka wa 1946. Jimbo likaona afadhali kufungua shule mpya kuliko kumpokea. Mahakama ya Juu ilipolikata shauri lake, tarehe 5 Juni 1950, ilihesabu: shule ya zamani ilikuwa na maprofesa 16 wa kudumu, wanafunzi 850, na vitabu zaidi ya 65,000, shule mpya ilikuwa na maprofesa 5, wanafunzi 23, na vitabu 16,500. Lakini majaji hawakuishia katika hesabu. Walisema kwamba yako mambo yasiyohesabika, kama vile sifa ya shule, na ujuzi wa walimu wake, na nguvu ya wale waliokwisha kusoma humo. Mtu asomaye sheria mbali na wale atakaoshindana nao barazani kesho, na mbali na wale watakaokuwa mahakimu wake, amenyimwa sehemu kubwa ya elimu yake, hata vitabu vikiwa sawasawa.

Siku ile ile mahakama ilikata shauri la George McLaurin wa Oklahoma, nalo latugusa sana sisi tulio walimu, kwa kuwa yeye alikuwa mwalimu wa miaka mingi, mwenye shahada ya pili tayari, aliyetaka kupata udaktari katika elimu. Huyu alikubaliwa mwaka wa 1948, baada ya kwenda mahakamani. Lakini alikubaliwaje? Aliwekwa kiti katika chumba kidogo cha kando, asikilize masomo kwa kupitia mlangoni. Katika maktaba alipewa meza ya peke yake katika orofa ndogo ya juu, akakatazwa kukaa pamoja na wasomaji wengine. Saa ya chakula alitengewa wakati wake. Mahakama iliamua kwamba hayo yote yalimzuia kujifunza, na kubishana na wenziwe, na kuijua kazi yake.

Twapenda wasomaji walishike jambo hili, maana hata penye sheria njema McLaurin wako. Mtu aweza kupokewa kwa barua, asipokewe kwa moyo. Aweza kupewa nafasi bila mwalimu wa kumwongoza, au akapewa mwalimu asiyemjibu. Aweza kuitwa mwanafunzi, na wenzake wakakutana kuzungumza habari za uchunguzi wao, yeye asiambiwe. Basi mlango wa chuo si ule wa nje peke yake. Haki ya mwombaji haimaliziki siku jina lake linapobandikwa ukutani. Yaendelea mpaka amepata kile alichoomba, yaani elimu yenyewe.

Mpaka hapa dhuluma tuliyoitaja ilikuwa wazi kama jua la mchana, kwa sababu waliokataa walitoa sababu yao bila haya. Lakini siku hizi ni shida kumpata mwenye kusema, "Nimemkataa kwa sababu ya ngozi yake," au, "kwa sababu ni mwanamke." Je, tutaijuaje dhuluma isiyosema jina lake? Wengi hudhani kwamba yatosha kuhesabu. Jambo lililotokea Berkeley latufundisha kwamba haitoshi.

Mwaka wa 1973 watu walioomba masomo ya juu katika chuo hicho walikuwa wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Katika kila wanaume mia walioomba walikubaliwa kama 44. Katika kila wanawake mia, kama 35 tu. Mtu akiona hesabu hiyo mara moja atapiga kelele kwamba wanawake wameonewa. Lakini wachunguzi watatu, Bickel, Hammel na O'Connell, waliifungua hesabu idara kwa idara, na mwaka wa 1975 wakaandika waliyoyaona. Idara ndizo zilizochagua, na karibu katika zote wanawake hawakupunjwa. Pengine walipendelewa kidogo. Tutoe mfano wa idara mbili katika zile kubwa. Katika idara ya kwanza waliomba wanaume 825, wakakubaliwa 62 katika kila mia. Wanawake walikuwa 108 tu, wakakubaliwa 82 katika kila mia. Katika idara ya pili waliomba wanaume 373 na wanawake 341, na waliokubaliwa walikuwa 6 katika kila wanaume mia na 7 katika kila wanawake mia. Basi sababu ilikuwa hii: wanaume wengi waliomba kwenye milango mipana, na wanawake wengi waliomba kwenye milango myembamba. Ukijumlisha yote pamoja, wanawake huonekana kukataliwa zaidi, hali hapana mlango uliowabagua.

Hapa tunapata mafunzo mawili, na yafaa tuyashike yote mawili, maana mwenye kushika moja ataanguka. La kwanza ni kwamba tusimhukumu mtu kwa jumla ya hesabu kabla ya kuuliza ni nani aliyeamua, na aliamua nini. Kumtia mtu hatiani kwa kosa asilofanya nako ni dhuluma. La pili ni kwamba tusiseme, "Basi, hapana ubaya wowote." Maana yafaa kuuliza kwa nini wanawake walikusanyika penye milango myembamba. Wachunguzi wale wenyewe walisema kwamba wasichana walikuwa wameelekezwa huko tangu zamani, kwa malezi na kwa mafundisho yao. Msichana aliyeambiwa akiwa na umri wa miaka kumi na miwili kwamba hesabu si kazi yake, hafiki hata kwenye mlango wa uhandisi ili akataliwe. Hapana karatasi yenye jina lake, wala hapana barua ya kumkataa. Dhuluma yake haimo katika kitabu chochote, nayo ilitendwa na watu kama sisi.

Liko jambo la mwisho lililo gumu kuliko yote. Ikiwa milango ilifungwa kwa muda mrefu juu ya watu wa namna fulani, je, chuo chaweza leo kuwawekea nafasi zao ili kuirekebisha hesabu? Chuo cha uganga cha Davis, katika California, kilifanya hivyo. Katika nafasi 100 kiliweka 16 kwa watu wa makabila machache yaliyokuwa nyuma. Mtu mweupe aitwaye Allan Bakke aliomba mwaka wa 1973 na tena mwaka wa 1974, akakataliwa mara zote mbili, akashitaki. Mwaka wa 1978 Mahakama ya Juu iliamua kwamba apokewe, na kwamba kutenga hesabu ya nafasi kwa rangi si halali. Lakini chuo chaweza kuiangalia rangi kuwa jambo moja kati ya mengi. Desturi hiyo ilithibitishwa tena mwaka wa 2003 katika shauri la shule ya sheria ya Michigan. Kisha tarehe 29 Juni 2023 mahakama hiyo hiyo ikaikataza.

Watu wema wamesimama pande zote mbili. Mmoja wa majaji wa mwaka 1978 alikuwa Thurgood Marshall, ambaye ujanani hakuweza kusoma sheria katika chuo cha jimbo lake la Maryland kwa sababu ya rangi yake, na ambaye alikuwa mmoja wa mawakili wa Sweatt. Yeye aliandika kwamba mpango wa Davis haukuwa na kosa, akawakumbusha wenziwe urefu wa miaka ambayo watu weusi walinyimwa haki. Mtu huyu ana uhusiano na nchi zetu: mwaka wa 1960 alikwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akaandika rasimu ya sheria za kulinda haki za raia. Katika rasimu hiyo alitaka zilindwe hata haki za Wazungu na Wahindi waliokuwa wachache nchini. Basi hatuwezi kusema kwamba alikuwa mtu wa kulipiza kisasi. Alijua kutofautisha kati ya kumfungia mtu mlango kwa dharau na kumtengenezea njia mtu ambaye njia yake iliharibiwa kwa makusudi.

Sisi twaona tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini twaona pia kwamba Bakke alikuwa mtu mmoja, na kwamba tuliposoma habari za Gaines tulikubali ya kuwa haki ni ya mtu mmoja mmoja. Hatuwezi kulikubali neno hilo linapotupendeza, tukalitupa linapotuudhi. Kwa hiyo twadhani njia iliyo bora ni kukifanya kipimo chenyewe kione zaidi. Mtu aliyepata alama themanini hali akisoma kwa kibatari, katika shule isiyo na vitabu, amepanda mlima mrefu kuliko aliyepata themanini na tano akiwa na kila kitu. Kumwangalia wa kwanza kwa makini si kumpendelea; ni kupima vema, kwa kuwa chuo hutafuta nguvu ya akili, na nguvu hujulikana kwa mzigo uliochukuliwa. Tena kipimo hiki chaweza kutumiwa kwa mtu wa rangi yoyote na kabila lolote.

Tukusanye sasa tuliyoyapata. Mwombaji hadai nafasi, ila adai mambo manne. Adai kipimo kitangazwe kabla hajaomba, kisibadilishwe baadaye ili kimfae mtu fulani. Adai kipimo hicho kiwe kimoja kwake na kwa mwenziwe. Adai kipime mambo yanayohusu kazi ya elimu, wala si ngozi, wala uke, wala kabila, wala jina la baba yake. Na adai, akikataliwa, aambiwe sababu ya kweli, tena pawe na mtu mwingine awezaye kuitazama upya. Twajua kwamba kumchagua mwanachuoni si sawa na kupima mahindi. Hapana kipimo cha chuma kiwezacho kuonyesha kama mtu atagundua jambo jipya, na mwenye alama nyingi pengine si mwenye fikira nyingi. Kwa sababu hiyo wachaguzi hawana budi kutumia akili zao. Lakini anayetumia akili yake aweza kueleza sababu. Anayefuata mapenzi yake hawezi, ndiyo maana hapendi kuulizwa.

Na hapa neno letu lawageukia walimu wenzetu. Tusidhani kwamba mambo haya ni ya maprofesa wa mbali tu. Kabla mwombaji hajafika mbele ya halmashauri, amepita mikononi mwetu. Sisi ndio tunaoandika barua za sifa. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," na mwalimu aandikaye barua ameshika ngozi mkononi. Je, huwaandikia kurasa mbili watoto wa rafiki zetu, na mistari mitatu yule asiyejulikana kwa mtu? Je, tunapomsifu mvulana twasema ana akili, na tunapomsifu msichana aliyempita twasema ni mtulivu na mpole? Je, barua hukaa mezani mwetu mpaka siku ya mwisho imepita, kwa sababu mwenye kuiomba hana baba wa kuja kutukumbusha? Yule asiyekuwapo mezani ametuachia sisi tumsemee, na kalamu yetu ndiyo sauti yake pekee mahali pale.

Wala asidhani mtu kwamba upendeleo mdogo hauna madhara. Nafasi zikiwa chache, neno moja latosha kumwinua huyu na kumwangusha yule, na yule aliyeanguka hatajua kamwe ni neno gani lililomwangusha. Atarudi nyumbani akiamini kwamba akili yake ndiyo iliyopungua. Kumnyima mtu nafasi kwa hila ni kosa. Lakini kumfanya asadiki kwamba hakustahili, hali alistahili, ni kumnyang'anya kitu alichokuwa nacho kweli, nacho ni kujua thamani yake mwenyewe. Mwanzoni tulisema ya kuwa mtu haibiwi asichokuwa nacho. Basi hiki alikuwa nacho, na hiki ndicho alichoibiwa.